Saa yangu haioni ndoo

Wadau, ninyi mnaofanya pilates huko mjini na kulalamika kwamba saa inawahesabu kama mmelala, nawaelewa. Saa hizi hupata hatua kwa kusoma mkono unavyobembea. Kile kitaa cha kijani chini yake hupima mapigo ya moyo. Sasa tumbo linaweza kuwaka moto huku moyo umetulia tu.

Huku Mwamanyili nilimvalisha shangazi saa yangu akaenda kuchota maji. Mkono wenye saa ndio ulioshika ndoo kichwani. Basi safari ya kurudi karibu yote haikuhesabiwa! (Na zile hatua 10,000 tunazozililia zilianzia kwenye jina la kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, si maabarani.)

Wa pilates atachagua "pilates" kabla ya kuanza, angalau dakika zake ziandikwe. Ya ndoo ya maji nimeitafuta, sijaiona.