Gari la Mbao

Nasoma uhandisi mitambo. Baba ni seremala. Mwaka wa kwanza niliona aibu kulisema hilo hosteli. Kisha nikasoma kuhusu Morgan, watengenezaji wa magari ya spoti wa Malvern, Uingereza, tangu 1909. Hadi leo fremu ya bodi ya magari yao mengi ni ya mbao! Lakini jamani, watadumu kweli?

Tuseme ukweli, wenzao wamepukutika. Kiwanda cha MG cha Abingdon kilifungwa 1980. Leo jina ni la Wachina. Lotus nayo iko chini ya Geely tangu 2017, na Eletre, gari lake kubwa la umeme, linaundwa Wuhan. Kumbe jina linaweza kupona na mikono ikaondoka.

Morgan wenyewe wananunua injini kwa BMW, na tangu 2019 wenye hisa nyingi ni wawekezaji wa Kiitaliano. Ila randa na patasi bado ziko Malvern. Naona watadumu, mradi wabaki wadogo, kama fundi cherehani anayeshona suti kwa vipimo wakati mitumba imejaa sokoni.

Juzi nilimpigia baba, bila aibu, nikamweleza yote. Akakaa kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, na mchwa je?"