Vitu Vinapokuwa Vidogo

Huanza na vidole. Naandika, halafu kalamu inakuwa ndefu kama mwiko wa ugali na mkono ulioishika mdogo kama wa mtoto mchanga. Ukuta nao unarudi nyuma, unarudi, mpaka kalenda iliyo hatua tatu kutoka kitandani naiona kama iko ng'ambo ya barabara. Najua haijasonga. Hapo ndipo watu hunipotea nikieleza: akili yangu iko timamu, inatazama uongo ikijua ni uongo. Dakika kumi, wakati mwingine nusu saa, kisha kichwa kinaanza kugonga.

Shangazi alitaja majini, kwa upole, kama mtu anayependekeza panadol. Daktari wa macho alinipima akasema macho ni mazima, labda nilikuwa nasoma sana. (Nilikuwa nimeshaacha chuo mwaka wa pili. Ni karo, si macho.) Ila kuhusu macho alisema kweli. Shida iko nyuma yake, kwenye ubongo unaokadiria ukubwa na umbali wa kile macho yanachouletea.

Jina nilipewa na daktari wa neva: sindromu ya Alisi katika Nchi ya Ajabu. Nilicheka. Ni John Todd, daktari wa akili Mwingereza, aliyeiita hivyo mwaka wa 1955, kwa sababu ya yule msichana wa Lewis Carroll anayerefuka na kufupika. Mara nyingi huandamana na kipandauso, kama kwangu. Kwa watoto huweza kuletwa na maambukizi ya virusi. Carroll mwenyewe aliugua kipandauso. Na kitabu chake kiko kwa Kiswahili tangu 1940, *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, kwa hivyo angalau nina ugonjwa ambao mamangu anaweza kuutamka.

Mkono mdogo nimeuzoea. Barabara ndiyo inaniogopesha. Matatu iliyo karibu naiona ndogo, mbali, na miguu inaamini macho kabla kichwa hakijakataa. Siku hizi nikihisi inakuja nasimama kando, nasubiri mtu yeyote avuke, navuka ubavuni mwake. Wengine hudhani ni mwizi, wanakumbatia mkoba.

Juzi usiku mamangu alinikuta mezani nimefumba macho.

"Saa hii mimi niko aje?"

Nikafumbua. "Mdogo, mum. Kama picha ya kitambulisho."

"Basi kunywa dawa kabla sijapotea kabisa."