Damu ya kitoto cha ngiri haiwezi kukupa cheti cha TB

Kuna karatasi moja niliyokataa kuiandika mwaka huu, na aliyeiomba mpaka leo ananisalimia kwa shingo upande. Nakueleza sababu, ili siku jambo kama hilo likikufika usidhani bwana mifugo anakubania riziki.

Aliyeiomba ni mzee mmoja wa hapa Ngokolo anayefanya biashara ya nguruwe. Aliletewa vitoto vitatu vya ngiri kutoka porini, akaviweka banda moja na nguruwe wake. Alikusudia kuvikuza, kisha nyama iende kwa mama lishe wa machimboni, upande wa Kahama na Geita. Alishasikia habari za TB ya wanyama pori, akaniambia: "Mwanangu, chukua damu ukapime, uniandikie kwamba ni wazima. Hela ya soda ipo."

Hofu yake ilikuwa na msingi. TB ya ng'ombe huwapata pia ngiri na nguruwe pori. Uganda, ilionekana kwa nyati na ngiri katika hifadhi inayoitwa leo Queen Elizabeth. Afrika Kusini, ngiri wa hifadhi ya Kruger wamekutwa nayo. Hispania, nguruwe pori ni miongoni mwa wanyama wanaoutunza ugonjwa huu maporini na kuurudisha kwa ng'ombe.

Sasa sikiliza damu inavyosema. Kipimo cha namna hii hakimtafuti mdudu wa TB mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na ugonjwa. Ni sawa na kutafuta nyayo za fisi zizini. Ukiziona, ujue alipita. Usipoziona, usiseme hayupo kichakani.

Kwa TB, nyayo hizo huchelewa. Mwili huanza kupambana kwa chembe nyeupe za damu, na kingamwili huja baadaye, mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshajijenga. Kitoto cha miezi michache kinaweza kuwa na TB tayari huku damu yake ikionekana safi. Upande wa pili, kitoto kinachonyonya hupata kingamwili za mama kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza. Damu yake ikionyesha kingamwili, huenda inakusimulia habari za mama, siyo zake.

Je, kupima vitoto hakuna faida? Ipo, tena kubwa, ila ni faida ya eneo zima. Nguruwe mzima mwenye kingamwili huenda aliambukizwa miaka iliyopita. Kitoto ambacho kimeishi miezi michache tu, kama kimeshaambukizwa, kinakuambia ugonjwa unatembea sasa hivi. Ndiyo maana watafiti hupima damu za vitoto vingi kwa pamoja kujua hali ya pori. Wanauliza, "TB ipo huku mwaka huu?" Mzee wangu aliuliza, "Hivi vitatu vina TB?" Kipimo ni kilekile, maswali ni mawili tofauti, na karatasi yangu ingejibu swali ambalo damu haikujibu.

Fikiria karatasi hiyo ingeishia wapi. Mchimbaji anavuta vumbi la mwamba kutwa nzima, na vumbi hilo huchosha mapafu na kuifungulia TB mlango. Huyo ndiye angekula nyama kwa kuamini sahihi yangu.

Nilimwambia mzee mambo mengine mawili. Kwanza, kumiliki mnyama pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Pili, ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa, lakini ikiingia bandani inaweza kufagia nguruwe wote, na haina dawa. Alivikabidhi vitoto kwa maofisa wa wanyamapori, roho ikimuuma. Hela aliyonunulia haikurudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shika haya:

1. Usichanganye mnyama wa porini na wa kufugwa, hata akiwa mdogo na mpole.

2. Nyama ya nguruwe au ng'ombe ipite kwa mkaguzi. Mkaguzi hupasua tezi za kichwa na kifua kutafuta uvimbe wenye usaha mzito kama jibini. Ukiuona mwenyewe, usiukate na kuuza kinachobaki. Mwite.

3. Ng'ombe wana kipimo chao cha ngozi: huchomwa sindano shingoni na uvimbe hupimwa baada ya saa 72. Uliza kabla ya kununua ng'ombe wa maziwa.

4. Chemsha maziwa. Kuganda peke yake hakuui TB.

5. Ukikohoa wiki mbili au ukiota tezi shingoni, nenda kituo cha afya. Dawa za TB ni bure. Mwambie mganga kwamba unafuga au unakunywa maziwa mabichi, kwa sababu TB ya ng'ombe haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za TB.

Na ukipewa karatasi ya vipimo, usisome neno "salama" tu. Uliza kilipimwa nini, kwa mnyama wa umri gani.