Sungura, kisima na wageni wetu

Wandugu, wengi wetu tumekua na ile hadithi ya kisima. Ukame umekuja, Simba anaita wanyama wote wachimbe. Sungura anakataa, lakini usiku anakuja kunywa. Wanamweka Fisi alinde. Sungura anamdanganya na asali, anamfunga kamba. Wanamweka Tembo, naye anafungwa vilevile. Mwisho Kobe anasema: nipakeni ulimbo mgongoni, nitajificha ndani ya maji. Wote wanacheka. Simba anakubali. Asubuhi wanakuta Sungura amenaswa.

Sisi vijana wakimbizi wa hapa Kanyosha tunaisimulia watoto kila Jumamosi, na tunaona humo mambo mawili ya uongozi. Kwanza, walinzi walibadilishwa lakini namna ya kulinda ilibaki ileile. Kuchagua rais mpya wa komite na kuacha kazi iende kama zamani, hayo si mabadiliko. Pili, Simba hakuwa na dawa. Alijua tu kumsikiliza mdogo wakati wakubwa wanacheka.

Jambo la tatu tulifundishwa na mtoto. Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia huku Burundi. Wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, baadaye wengine wakapelekwa Musenyi. Wachache walifika mpaka mitaani kwetu. Kwenye likelemba yetu mabishano yakawa makali: hawa hawajachanga hata faranga moja, wapewe zamu kweli? Mmoja akasema, "Hao njo Sungura." Msichana mdogo akauliza, "Na kama Sungura alifika kisima kimekwisha kuchimbwa?"

Tukanyamaza wote. Sungura alikataa jembe, mgeni hakulikuta. Na sisi tulipofika Bujumbura tulikunywa kwenye visima vya wengine: majirani Warundi walitupa maji ya bomba, na waliotutangulia walituonyesha njia ya maofisi.

Basi tukabadilisha sheria. Mgeni anaanza na kazi, si na pesa: kufundisha, kufagia, kuangalia watoto, miezi mitatu. Halafu anachanga na kupata zamu kama wote. Na wawili kati yao wanakaa kwenye komite, wana sauti.

Nanyi mnaofanya kazi ya misaada, kabla ya kuhesabu nani anakunywa, ulizeni kwanza nani alipewa jembe.