Tulikwenda Ujiji kuangalia njia, tukarudi tunaangalia viatu

Mwezi uliopita sisi walimu watatu wa kujitolea tulipata kibali cha kutoka kambini kwenda semina Kigoma mjini. Siku ya mwisho, semina ilipoisha mapema, tukapanda daladala hadi Ujiji. Kila mwaka tunaufundisha mji huu katika historia, lakini hatukuwa tumeuona kwa macho.

Tulikwenda na swali la mtoto mmoja wa darasa la 4. Alituuliza, "Mwalimu, kama njia ilikuwa ndefu hivyo, kwa nini hawakupanda farasi?" Tukamwambia ngoja, tutakujibu.

Ujiji leo ni mji mtulivu wenye miembe mikubwa. Pana kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,200. Farasi hawakuiweza. Mbung'o akiwauma wanapata ugonjwa, wanakonda, wanakufa. Punda nao walikufa wengi. Ndiyo sababu huku hapakuwa na fundi wa kupigilia vyuma kwenye kwato, kama walivyokuwepo Ulaya. Kazi ya farasi ilifanywa na mtu. Mpagazi, wengi wao Wanyamwezi, alibeba karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32. Wengi walitembea peku, wengine na ndara za ngozi. Na wako waliotembea bila kupenda: mateka kutoka Maniema, kwetu, walivushwa ziwa na kupelekwa pwani wamefungwa.

Miguu ndiyo iliyoumia. Livingstone mwenyewe mwaka 1870 alilala wiki nyingi huko Maniema, mahali alipopaita Bambarre, hawezi kutembea kwa sababu ya vidonda vya miguu. Halafu akaja funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Mwaka 1872 alifika Angola na meli iliyotoka Brazili, akapita Kongo kwa kufuata njia za watu, na kabla miaka ya 1890 haijaisha alikuwa pwani ya Mashariki. Alisafiri bara zima ndani ya vidole vya watu wasio na viatu.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, mzigo ukashuka begani. Baadaye magari yakaja, na magari yakaleta tairi. Tairi likichakaa barabarani, fundi analichukua. Analikata kwa kisu kikali kufuata mguu wa mtu, anaweka mikanda, anapiga misumari, basi: katambuga. Sokoni tuliziona zimepangwa chini. Tukamuuliza fundi zinadumu miaka mingapi. Akacheka, "Walimu, hizi hazichakai, zinapotea tu."

Reli hiyo hiyo ukiifuata mpaka Morogoro, unakuta habari nyingine. Huko kilijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, miaka ya 1970. Kilitakiwa kuwavisha Watanzania na kuuza viatu vingi Ulaya. Lakini mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana, na jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini zisizopitisha hewa, joto kali. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Fundi wa tairi hakufungwa. Yeye anahitaji kisu, nyundo, misumari na tairi la bure.

Tuliporudi kambini tukaenda kwa mzee wetu anayeshona viatu chini ya turubai, yule ambaye wengi tunamwita kordonye. Tulikuwa tunampita kila siku bila kusimama. Ana shazia mbili, uzi wa nailoni, gundi, na kipande cha chuma cha kugongea. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Mmeleta viatu au mmeleta maneno?" Tukamwambia tumeleta maneno. Akasema kazi aliianza Uvira akiwa kijana, lakini hapa hana wa kumrithi. "Vijana wanasema ni kazi ya kukaa chini kwenye vumbi. Macho yangu yameanza kukataa tundu la sindano. Nikiondoka, hizi shazia mtampa nani?"

Hatukuwa na jibu. Lakini tunawajua watoto wanaokosa shule siku ya mvua kwa sababu soli imeachia. Tunawajua wanaochechemea kwa funza na kukaa nyuma ya darasa wakificha miguu. Mwenzetu mmoja alikiri kwamba aliwahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuja peku. Hatutafanya hivyo tena.

Wazazi, tunawaomba mambo mawili. Kiatu kikiachia, msikitupe, kipelekeni kwa fundi mapema. Na mwenye kijana aliyemaliza shule na anakaa tu, amlete kwetu. Mzee amekubali kuwafundisha watatu, Jumamosi asubuhi, bila malipo.

Yule mtoto wa darasa la 4 tumeshamjibu. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi sisi ndio tulikuwa farasi." Siku ya Jumamosi ya kwanza alikuja na kaka yake mkubwa. Nafasi zimebaki mbili.