Risasi za Kujaza Nyumbani: Matundu Matatu Hayatoshi



Baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani wa Buyenzi, Bujumbura, wametuuliza kwa simu: ni kweli kwamba huku Idaho mtu hukaa mezani kwake akajitengenezea risasi? Ni kweli, na watu wengi hufanya hivyo, wengine wakiwa wastaafu wenye wajukuu. Tumeona tueleze tulivyoshuhudia, kwani ndani yake mna jambo la kupima na kuhukumu ambalo linamhusu hata asiyewahi kugusa bunduki.

Sisi tuliokulia Bujumbura miaka ya 1990, vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitufunza maana moja tu ya mlio wa bunduki, nayo ni kukimbia. Hivyo kijana wetu wa miaka 16 alipoomba kufuatana na jirani yetu mzee kwenye uwanja wa shabaha, hatukumjibu siku ile. Tulimwambia tutakwenda pamoja naye tukaone wenyewe. Mama yake naye akasema jibu lake litatoka tukisharudi.

Mzee huyu kila majira ya kuchipua huitwa na mkulima wa lusini, yale majani ya kulishia ng'ombe, upande wa mashariki wa Oregon. Huko kuna kindi wa mashimoni waitwao kindi wa Belding. Wanatoka ardhini baridi inapoisha, wanakula lusini ikiwa bado changa, na vichuguu vyao huharibu mashine za kukatia majani. Mkulima anataka wapungue. Kindi huyo akisimama wima, kifua chake hakizidi sana ngumi ya mtoto, na mpigaji yuko mbali. Ndiyo maana bunduki ya kazi hii ina mtutu mzito, darubini juu yake, na risasi nyembamba ya milimita 5.7 inayotoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 900 kwa sekunde.

La dini tulitaje kwa ufupi, maana litaulizwa. Kuzuia mnyama anayeharibu mazao ni jambo moja, na kumfanya mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo ni jambo jingine lililokatazwa. Anayekwenda kwa sababu ya kwanza analazimika kujua mapema kama risasi yake itaua papo hapo au itamwacha mnyama akijikokota shimoni na jeraha. Hilo halijulikani shambani. Hujulikana kwenye karatasi.

Sasa, kwa nini mzee alikuwa akipima upya bunduki aliyoizoea miaka mingi? Kwa sababu alikuwa amebadili madini. Kiswahili chetu kina jambo la ajabu hapa: neno risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la yale madini laini na mazito yenye sumu. Risasi ya kawaida ya kupigia kindi ina madini hayo ndani, na inapompiga mnyama hupasuka vipande vidogo sana. Mizoga hubaki shambani, mwewe na tai wanashuka kula, na sumu inaingia mwilini mwao. California imetunga sheria, na tangu tarehe 1 Julai 2019 anayewinda huko kwa bunduki hutakiwa kutumia risasi zisizo na madini hayo. Mzee, ambaye huwinda Oregon, hakulazimishwa na mtu. Alisema tu kwamba amechoka kuwaona tai wakimngoja. Akanunua za shaba, yaani risasi zisizo na risasi!

Lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo ukitaka uzito uleule unapata umbo refu zaidi, na umbo refu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi na mikato ya ndani ya mtutu ili litulie hewani. Akachagua za uzito mdogo kuliko alizozoea, na hapo kipimo cha baruti cha zamani kikawa hakina maana tena. Ilibidi aanze mwanzo.

Kazi ya mezani tuliiona usiku wa kuamkia Jumamosi. Ganda la shaba nyeupe lililokwisha kutumika hupitishwa kwenye chombo cha chuma lirudie umbo lake, fataki mpya hubandikwa kwenye kitako, baruti hupimwa kwa mizani na kumiminwa, kisha risasi hukandamizwa mdomoni mwa ganda. Uzito huhesabiwa kwa greni, na greni moja ni kama miligramu 65 tu. Mezani huwa na kopo moja la baruti, la pili haliruhusiwi, maana kuchanganya aina mbili au kuzidisha kipimo kunaweza kupasua bunduki usoni mwa mtu. Vipimo huanzia chini, kama kitabu cha mtengenezaji wa baruti kinavyoelekeza, na havivuki kikomo chake. Mzee alimulika taa ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Redio ilikuwa imezimwa. Kijana wetu alitaka kumsemesha, akaonyeshwa kidole mdomoni.

Asubuhi tulikwenda uwanjani. Bunduki iliwekwa juu ya mifuko ya mchanga, karatasi zikasimamishwa umbali wa yadi 100, yaani mita 91. Mzee alikuwa na vipimo viwili vya baruti, tuviite cha kwanza na cha pili. Alipiga tatu za cha kwanza, kisha tatu za cha pili. Tulipozifuata karatasi, matundu matatu ya cha kwanza yalikuwa yameshikana, milimita 11 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine lililo mbali zaidi. Ya cha pili yalitawanyika milimita 24. Kijana akaruka: “Baba, cha kwanza ndicho!” Hata sisi, kwa macho, tusingekuwa na hukumu nyingine.

Mzee alicheka. Alituonyesha bwana mmoja kwenye meza ya mbali, akasema yule ana karatasi ya matundu matatu ndani ya pochi yake, na huwaonyesha watu kama picha ya mtoto. Ukimwomba akuonyeshe matundu kumi, hana.

Kisha akatufafanulia. Kila bunduki hutawanya, na mtawanyiko huo una ukubwa wake wa kweli. Ukipiga tatu tu unaona kipande kidogo cha ukweli huo. Kwa hesabu ya kawaida ya mtawanyiko, kundi la risasi kumi huwa kubwa kuliko kundi la tatu kwa zaidi ya mara moja na nusu, bila chochote kuharibika. Tena makundi ya tatu-tatu ya risasi zilezile hupishana sana, moja likawa mara mbili ya jingine kwa bahati tupu. Sisi tunaofundisha tulilielewa upesi. Mwanafunzi akisomeshwa aya tatu alizozihifadhi jana, huwezi kutangaza kwamba amehifadhi juzuu.

Basi akaanza upya, kumi kwa kumi, na hakumaliza kipimo kimoja ndipo aende kingine. Alipiga moja ya cha kwanza, moja ya cha pili, akibadilisha karatasi, ili upepo na joto la mtutu viwaguse wote sawasawa. Kila baada ya muda alisimama, mtutu upoe. Ilichukua karibu saa mbili, na kijana wetu alichoka kukaa.

Risasi ya saba ya kipimo cha kwanza ilikwenda kando, peke yake. Kijana akasema hiyo isihesabiwe, mzee alitikisika. Mzee akamuuliza kama alimwona akitikisika. Hapana. Basi ikahesabiwa. Matokeo yalikuwa milimita 27 kwa cha kwanza na 29 kwa cha pili, tofauti isiyostahili hata kutajwa.

Twaongeza kwamba hamu hii si ya leo. Daktari mmoja wa Massachusetts, Franklin W. Mann, alitoa kitabu mwaka 1909 juu ya safari ya risasi kutoka kwenye baruti hadi shabaha. Alifunga mitutu kwenye nguzo nzito ya zege ili mkono wa binadamu usilaumiwe, akaona kwamba kasoro kwenye kitako cha risasi humpotosha mpigaji kuliko kasoro kwenye ncha yake. Angalizo hilo linatufurahisha, ingawa hatuna pa kulitumia.

Mzee alichagua kipimo cha pili, kwa kuwa baruti yake ni kidogo na mtutu utadumu. Akapiga hesabu: milimita 29 kwenye yadi 100 ni kama 58 kwenye yadi 200, na hapo bado upepo. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaweza kuisukuma risasi nyepesi kama hii sentimita 10 au zaidi kwa umbali huo. Akaandika kwenye daftari: yadi 200, siku ya utulivu tu. Zamani alikuwa akipiga 300.

Kisha akamkalisha kijana wetu, akampa kumi. Kundi lake lilifika milimita 70. Mzee aliandika jina lake, na mbele yake akaandika: karatasi. Mama mtu aliposomewa daftari lile jioni, aliuliza uwanja unafungwa saa ngapi siku za Jumamosi.