Shokapu za Nyuma za Honda ya Mzee

Pikipiki ya kwanza kuijua maishani mwangu ni Honda XL125S ya baba, aliyekuwa bwana shamba huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Ilikuwa mali ya serikali. Ilipopigwa mnada, akainunua mwenyewe. Enzi hizo ilibeba mtu mmoja, mkoba wa makaratasi na pengine kifuko cha mbegu. Shokapu zake mbili za nyuma zilitosha kabisa kwa mzigo huo.

Baba alipostaafu, kazi ya pikipiki ikabadilika. Kaka yangu aliifungia karia ya chuma, ikaanza kushusha kabichi na njegere kutoka Nyandira hadi Morogoro mjini. Masika barabara ilikuwa makorongo, kiangazi ilikuwa mawe. Shokapu zikafa pole pole. Ukipitisha kidole kwenye fimbo ya shokapu, kinatoka na oili iliyochanganyika na vumbi: sili zimekwisha.

Shokapu ina kazi mbili ndani yake. Springi hubeba mzigo. Oili, inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo ya pistoni, huituliza springi ile isirudi kwa pupa, na nguvu ya mshtuko hugeuka kuwa joto. Oili ikivuja, springi hubaki bila msimamizi. Pikipiki ikiingia shimoni hudunda tena na tena, tairi ikaachana na ardhi. Na tairi isiyogusa ardhi haishiki breki wala kona. Kwa hiyo shokapu ni chombo cha usalama kabla ya kuwa chombo cha starehe.

Wakati huo dawa ya mtaani ilikuwa moja: kukaza. Kaka alifungiwa springi nene zaidi juu ya shokapu zilezile zilizovuja. Ikiwa na magunia, pikipiki ilisimama vizuri. Ikirudi tupu, ilimrusha kwenye kila jiwe, na vyuma vinavyoshikilia shokapu kwa juu vikaanza kupata nyufa. Kukaza pete yenye ngazi iliyo chini ya springi nako hakukusaidia, maana pete huinua pikipiki tu. Ugumu wa springi unabaki uleule.

Wenzake baba walikuwa na Yamaha DT125 yenye shokapu moja, iliyolala chini ya tangi. Tuliitazama kwa hamu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wazo hilo lilitoka kwa Lucien Tilkens, mhandisi wa Ubelgiji, Yamaha wakalinunua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akatwaa nalo ubingwa wa dunia wa mbio za matopeni za cc 250. Hata hivyo, kuibadilisha fremu ya Honda yetu ili ipokee shokapu moja kungekuwa kuivunja. Njia iliyobaki ilikuwa shokapu mbili bora.

Pikipiki ilipofika mikononi mwangu niliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Mafiga. Aliibonyeza siti kwa nguvu, akaiachia, akahesabu inavyodunda. “Mwanangu,” akasema, “kwanza niambie unabeba nini. Springi tutaichagua baadaye.”

Alipima shokapu za zamani kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, akataka mpya za urefu uleule. Ndefu zaidi zingeinua mkia, zikabadilisha usukani na mkao wa cheni. Tulichagua zenye gesi ya naitrojeni, kwa sababu mgandamizo wake huizuia oili isitoe povu ikipata moto. Akabadilisha na bushi za mkono wa nyuma, kwani shokapu mpya kwenye bushi zilizolegea ni hela iliyotupwa. Mwisho akapima tena: gurudumu likining'inia, kisha mimi nikiwa nimeketi. Alirekebisha pete mpaka uzito wangu ukala karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Niliposhuka tena kutoka Nyandira, gurudumu la nyuma lilifuata ardhi na breki zikashika palepale nilipotaka.

Leo barabara ile imejaa bodaboda, nyingi zikiwa Bajaj Boxer, ambazo kiwandani huwekewa springi ndani ya springi. Bado naona vijana wakiongezewa vyuma na springi nzito juu ya shokapu zilizokwisha kuvuja. Ndugu zangu, badilisheni zote mbili kwa pamoja, mchague springi kwa uzito mnaobeba kila siku, wala msinunue kwa kuvutiwa na kichupa cha gesi kilicho pembeni mwa shokapu. Kwenye shokapu nyingi za bei rahisi kichupa hicho ni pambo tupu. Na oili ikionekana kwenye fimbo, pelekeni pikipiki kwa fundi kabla ya kupakia abiria mwingine.